Kobe wa Maji Si Samaki: Mpe Jua na Nchi Kavu

Mkulima mwenzangu, asubuhi moja baba mmoja wa Gataka alifika ofisini petu akibeba beseni la plastiki, na mwanawe wa miaka tisa akimfuata nyuma. Nilidhani ameleta majani ya mahindi yenye ugonjwa, maana ndiyo desturi. Kumbe ndani ya beseni mlikuwa na maji, na ndani ya maji mlikuwa na kobe. Mtoto alimwokota karibu na bwawa wakati wa mvua za Aprili, akamfuga chini ya meza ya jikoni miezi saba. Sasa kobe hali, hatembei, na gamba lake ukilibonyeza kwa kidole labonyea kama ngozi mbichi.

"Karani," baba akaniuliza, "huyu ni mnyama wa maji. Maji twampa kila siku. Mbona anakufa?"

Swali hilo ni zuri, nami naliandikia jibu hapa kwa kuwa si nyumba moja tu yenye beseni kama lile.

Watu wengi wakimwona kobe akiogelea hudhani ni ndugu wa samaki. Sivyo. Samaki huvuta pumzi ndani ya maji, lakini kobe ana mapafu kama ng'ombe wako, na ni lazima atoe pua juu apate hewa. Kobe wa mabwawa yetu ni yule mwenye gamba bapa la rangi ya kahawia. Akiogopa haingizi shingo moja kwa moja ndani, bali huilaza kando chini ya ukingo wa gamba. Wataalamu humwita Pelomedusa. Ukimshika hutoa harufu mbaya, nayo ndiyo silaha yake. Hula wadudu, viluwiluwi, konokono na mizoga, na huko Afrika Kusini wameonekana wakiwang'oa kupe vifaru waliolala majini. Mvua ikinyesha hutoka, akatembea nchi kavu kutafuta dimbwi jingine. Bwawa likikauka hujifukia topeni akangoja mvua. Basi waona kwamba mnyama huyu ana makao mawili, maji na nchi kavu. Ukimnyima moja, umemnyima nusu ya uhai wake.

Sasa tuangalie kazi ya jua. Kwanza, mwili wa kobe hauna joto lake wenyewe kama wa kuku au wa mtu. Hupata joto kwa kuota jua, na asipolipata chakula hakisagiki vizuri tumboni mwake. Pili, jua likipiga ngozi yake mwili hutengeneza vitamini D, nayo huusaidia kuyatumia madini ya chokaa kujenga mifupa na gamba. Mtoto asiyepata vitamini hiyo huota matege. Kobe naye hulainika gamba. Tatu, gamba lapasa kukauka kabisa kila mara, kwani gamba lenye maji siku zote huota kuvu. Nne, kobe jike hutaga mayai yake udongoni. Akikosa udongo wa kuchimba, mayai huweza kukwama tumboni yakamwua.

Tena usidhani kumweka dirishani kwatosha. Kioo hupitisha mwanga na joto, lakini huzuia sehemu kubwa ya ule mwali wa jua unaotengeneza vitamini.

Kabla sijakueleza namna ya kumtunza, yafaa ujue jambo la sheria. Kobe wa bwawani ni mnyama wa porini. Kwa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, haifai mtu kumfuga mnyama wa porini bila kibali. Kwa hiyo mtoto wako akimwokota leo, mrudishe leo, mahali pale pale alipotoka. Akiwa amekwisha kukaa nyumbani muda mrefu, usimtupe tu bwawani, maana huenda ana ugonjwa. Waarifu maofisa wa KWS, nao watakwambia la kufanya.

Kwa yule mwenye kibali, au aliyekwisha kupewa kobe wa kigeni wa dukani, haya ndiyo ya kufuata:

1. Ndani ya chombo chake weka jiwe pana au ubao ulioinama, sehemu moja majini na nyingine juu, ili apande mwenyewe na kukauka. Maji yawe mengi kiasi cha kumwezesha kuogelea na kugeuka.

2. Mtengenezee kiwanja uani, yapata futi sita kwa futi nne. Zungusha mbao za futi mbili kwenda juu, na uzifukie kidogo chini, kwa kuwa kobe hupanda na kuchimba kuliko watu wanavyodhani.

3. Nusu ya kiwanja iwe juani na nusu kivulini. Kobe aliyepata joto la kutosha hutafuta kivuli, na akikikosa hufa upesi. Weka na karai fupi la maji aingie apendapo.

4. Mtoe saa tatu asubuhi, umrudishe kabla ya jua kali la mchana. Saa moja au mbili zatosha. Siku za baridi na mawingu, kama zile za Julai, mwache ndani.

5. Usiliache beseni lenyewe juani badala ya kumtoa. Maji machache hupata moto haraka, naye hana pa kukimbilia.

6. Mahali hapo pasiwe pamenyunyizwa dawa ya mimea au dawa ya kupe. Awepo mtu wa kumwangalia, maana mbwa na mwewe hawachelewi.

7. Mpe minyoo ya ardhi, wadudu na vipande vya samaki pamoja na mifupa yake midogo. Ugali na mkate si chakula chake. Mpe akiwa majini, kwa sababu huko ndiko amezoea kulia.

8. Baada ya kumshika, nawa mikono kwa sabuni. Kobe huweza kubeba vijidudu vya salmonela bila kuugua mwenyewe, navyo huharisha watu. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe wadogo wa chini ya inchi nne, kwa ajili ya watoto waliougua. Basi beseni la kobe lisikae jikoni, na watoto wa chini ya miaka mitano wasimchezee.

Neno moja juu ya kobe wa kigeni. Yule mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho asili yake ni bonde la mto Mississippi, Marekani. Wenye kuchoka naye wamemtupa katika mito na maziwa ya nchi nyingi, akazaana na kuwanyang'anya kobe wa huko chakula na mahali pa kuota jua. Jumuiya ya Ulaya ilizuia kumwingiza mwaka 1997. Usimwachilie katika mto Mbagathi wala katika bwawa lako, hata kwa huruma.

Mwisho, tazama bwawa lako mwenyewe. Siku hizi wengi wetu tumetandika plastiki ili maji yasipotee. Ni kazi njema, lakini ukingo wake wateleza. Kobe, chura, hata mbwa, akiingia hana njia ya kutokea. Funga ubao wenye vijiti vya kukanyagia, au teremsha gunia lililojazwa mchanga kutoka ukingoni hadi majini. Na kwa ajili ya watoto, zungusha ua.

Kobe wa yule mtoto hakupona. Bwana daktari wa mifugo alimwangalia, akasema tumechelewa, na siku ya tatu akafa. Mtoto aliniuliza kama ni yeye aliyemwua. Nilimjibu kwamba yeye alimpenda, ila hakuna mtu aliyemwambia kwamba kobe ahitaji jua. Wiki mbili baadaye nilipita kwao kwa kazi ya kupima bwawa, nikaona ubao umefungwa kwa waya ukingoni, umeteremka mpaka majini. Baba akaniambia ni kazi ya mwanawe.

Wewe umekwisha kuambiwa. Jioni hii litazame beseni la nyumbani kwako, kisha ulitazame bwawa lako.