Rekodi za Sikio Huku Buha

Ukishuka kwa basi kutoka Kasulu, juu ya mita 1,200, hadi Kigoma mjini kando ya ziwa, mita 770 hivi, masikio huziba. Ukimeza mate yanazibuka: mrija mwembamba unaotoka kooni umefunguka na kuingiza hewa nyuma ya kiwambo cha sikio.

Nyuma ya kiwambo hicho ndipo zilipo rekodi za mwili. Kipo kikuku, mfupa mdogo kuliko yote, wenye milimita 3 na uzito wa miligramu 3 hivi. Hushirikiana na mifupa ya nyundo na fuawe kupokea mtikisiko wa kiwambo na kuusukumia kwenye kidirisha kilicho kidogo kuliko kiwambo mara 17, hivyo shinikizo huongezeka zaidi ya mara 20. Bila hivyo sauti ingegonga majimaji ya koklea, yaani sehemu ya ndani ya sikio inayosikia, na kurudi hewani. Sehemu ya mfupa wa panja inayoihifadhi koklea ni ngumu kupindukia, ndiyo maana watafiti wa DNA ya kale huitafuta kabla ya mifupa mingine.

Kwa wepesi, sikio halina mpinzani mwilini. Sauti hafifu kabisa hukitikisa kiwambo kwa kiasi kisichofikia upana wa atomu ya haidrojeni. Bodaboda ikija gizani Kibondo, unajua upande wake kwa sababu masikio mawili hupambanua tofauti ya sehemu 10 tu za milioni ya sekunde.

Sauti iliyosikika mbali kuliko zote ni ya volkano ya Krakatoa, Agosti 1883. Ilifika kisiwa cha Rodrigues, katika Bahari yetu ya Hindi, kilomita 4,800 hivi, baada ya saa nne.

Kikuku kina mlinzi, msuli mdogo kuliko yote ya mifupa, ambao hukaza kelele zinapozidi. Lakini huchelewa. Ngoma za Warundi, zilizoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2014, zikilia, pigo la kwanza hupita kabla msuli haujakaza. Kinachoumia ni seli zenye vinyweleo, 15,000 hivi kila sikio, ambazo hata kwinini nyingi huzivuruga hadi masikio yakavuma. Kwa binadamu, zikifa hazioti tena. Kuku ametushinda: tangu miaka ya 1980 inajulikana kwamba yeye huotesha mpya na kusikia tena baada ya wiki chache.