Nani Huchagua Kitabu? Maktaba za Michango kutoka Belfast hadi Butembo

Maktaba ya michango ni ile ambayo wasomaji wenyewe huinunulia vitabu: kila mwanachama hutoa ada, kitabu hununuliwa, kisha huzungushwa. Mtu wa Butembo au Beni hahitaji maelezo marefu. Anaijua likelemba, ambamo wenzi hutoa fedha na kumkabidhi mmoja wao kwa zamu. Tofauti ni moja tu, nayo ni kubwa: fedha ni fedha, lakini kitabu sharti kwanza kichaguliwe. Hapo ndipo historia ya maktaba hizi inapogeuka kuwa historia ya jamii.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Ireland. Mwezi wa Mei 1788, katika mji wa Belfast, ulianzishwa umoja wa wasomaji ulioitwa Belfast Reading Society. Waanzilishi hawakuwa makabaila bali wafanyabiashara na mafundi wa mji. Walilipa, wakakutana, wakabishana juu ya vitabu vya kununua. Mwaka 1791, katika mji huo huo, kiliundwa chama cha United Irishmen, kilichodai bunge la haki na usawa kati ya Wakatoliki na Waprotestanti. Baadhi ya watu walikuwamo humu na humu. Thomas Russell, mmoja wa waasisi wa chama hicho, alifanywa mkutubi wa umoja mwaka 1794. Alikamatwa mwaka 1796, na mwaka 1803 akanyongwa. Maktaba ingali wazi kwa jina la Linen Hall, na wanachama wangali wakitoa ada.

Katika Afrika Mashariki ya kikoloni, mambo yalianza upande mwingine. Nairobi, Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, na Waafrika hawakuruhusiwa kuitumia mpaka 1958. Hiyo ilikuwa dhuluma isiyojificha. Ile ya Kongo ya Ubelgiji ilikuwa na adabu zaidi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili serikali na misheni zilihimiza vilabu vya makarani, walimu na wauguzi, watu walioitwa évolués, yaani "walioendelea". Klabu ilikuwa na mikutano, mihadhara na mara nyingi rafu ya vitabu. Lakini Mzungu mshauri hakuwa mbali. Gazeti lao, La Voix du Congolais, lilitoka Léopoldville kuanzia 1945 hadi 1959 chini ya uhariri wa Antoine-Roger Bolamba, nalo lilitegemea idara ya habari ya serikali. Liliandikwa kwa Kifaransa. Msomaji wa Kiswahili au wa Kinande hakuwa na nafasi humo.

Tena msomaji mwenyewe alisomwa. Tangu 1952, aliyetaka hadhi ya kuandikishwa karibu na Wazungu kisheria alichunguzwa na tume iliyoweza kufika hadi nyumbani kwake na kutazama namna anavyoishi. Patrice Lumumba, karani wa posta na kiongozi wa umoja wa évolués wa Stanleyville (Kisangani ya leo), alikataliwa alipoomba mara ya kwanza. Alikubaliwa mwaka 1954.

Butembo ulikua kutokana na kambi ya kampuni ya madini, Minière des Grands Lacs, tangu miaka ya 1920. Makarani wake, pamoja na walimu wa misheni ya Waasumpsio, ndio hasa watu ambao vilabu vya aina hiyo vilikusudiwa. Lakini mazoea ya kuchanga yalipata uwanja mpana zaidi baadaye. Mwaka 1971 Mobutu aliviunganisha vyuo vikuu vyote vya nchi kuwa kimoja cha serikali. Kijana wa Beni alilazimika kwenda mbali, Kisangani au Kinshasa. Mwaka 1989, kwa juhudi za Askofu Emmanuel Kataliko na kwa michango ya wafanyabiashara na waumini, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa Butembo. Mafundi wa Belfast wangeitambua mara moja kazi hiyo.

Linalobaki kwa watafiti wetu ni daftari. Vilabu viliandika ada, faini za kuchelewesha vitabu na majina ya waliovikopa. Kijana wa miaka 20 mwaka 1955 leo amepita 90, na vita vimeunguza nyumba nyingi wilayani Beni. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu aanze kwa kuuliza nyumbani kwao nani alikuwa mweka hazina.