Ngitili na Wataalamu wa Shinyanga

Ardhi ya Shinyanga, Tanzania, iliyofyekwa misitu yake kwa miongo mingi ili kufukuza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, ilikuwa imechakaa hata Mwalimu Nyerere, alipoizuru mwaka 1984, akafadhaishwa mno na aliyoyaona. Na miaka miwili baadaye Serikali, ikisaidiwa na wahisani wa Norwei, ikaasisi mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI.

Wataalamu walianza kama ilivyo ada yao, kwa vitalu na kugawa miche, mingi yake ya miti ya kigeni, ilhali Wasukuma wa huko walikuwa tangu kale na ngitili: mfugaji, mvua zianzapo, hutenga sehemu ya malisho isikanyagwe na mnyama, majani yakastawi, kisha kiangazi kikikaza huifungulia ndama, maksai na ng'ombe dhaifu wasioweza kufuata malisho ya mbali. Humo ndani ya ngitili visiki na mizizi, ambayo mgeni angeidhania imekufa, huchipua pasipo kupandwa na mtu.

Fadhila ya HASHI, nami naihesabu kuwa kubwa, ni kwamba ilikubali kujifunza. Ngitili zilizojulikana mwaka 1986 zilikuwa kiasi cha hekta 600. Haikutimia miaka ishirini zikapita hekta 300,000, katika vijiji 833, zikilindwa kwa amri za dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, na macho ya sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, na mwaka 2002 mradi ukatunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kuni, nyasi za kuezekea, dawa na asali vikarejea karibu na nyumba.

Wala wenyeji hawakutoka mikono mitupu, kwani wataalamu waliwaletea elimu ya miti irutubishayo udongo, na msaada wa kuzitungia ngitili sheria ndogo zinazotambulika na Serikali.

Limesalia jambo moja ambalo si wazee wala wataalamu waliolimaliza, nalo lanikera: mwenye ng'ombe wengi na ardhi pana ndiye aghalabu mwenye ngitili pana, na mjane asiye na mfugo hutegemea ngitili ya kijiji, ambayo humegwa kila idadi ya watu inapozidi. Mhisani aendaye Shinyanga leo na aanzie kwa mjane huyo, amwulize anakata kuni wapi, na kwa idhini ya nani.