Wakala wa Akili Mnemba na Kisanduku cha Majaribio: Namna ya Kulinda Kumbukumbu za Sharika Zetu



Ofisi nyingi za sharika, parokia, zahanati na vikundi vya kuweka na kukopa hapa Lushoto sasa zinatunza kumbukumbu zao katika kompyuta. Humo yamo majina ya waumini, michango ya ujenzi, karo za watoto wanaofadhiliwa na mikopo ya akina mama. Wakati huohuo, vijana wanaotutengenezea programu hizo wameanza kusaidiwa na akili mnemba. Jambo hili limeleta maswali katika vikao: je, ni salama? Tunatumia ukurasa huu kueleza hatari iliyopo, na njia ya kuipunguza ambayo kamati inaweza kuidai hata kama hakuna mjumbe aliyesomea kompyuta.

Wakala wa akili mnemba ni nini?

Hapa hatumzungumzii wakala wa M-Pesa. Tunazungumzia programu inayopewa kazi na kuitenda yenyewe, hatua kwa hatua. Wengi wetu tumekwisha kuona akili mnemba inayojibu maswali. Wakala huenda mbali zaidi. Ukimwambia, "Jumla ya michango ya mwezi hailingani na stakabadhi, tafuta kosa", atafungua mafaili ya programu, atayasoma, atayabadilisha, ataendesha amri kwenye kompyuta, ataangalia matokeo, kisha atajaribu tena mpaka aridhike. Claude Code ya kampuni ya Anthropic na Codex ya OpenAI, zote zilizotoka mwaka 2025, ni za aina hii.

Faida yake ni kubwa kwa ofisi isiyoweza kuajiri mtaalamu wa kudumu. Lakini uwezo huohuo wa kuendesha amri ndio mlango wa hatari.

Hatari iko wapi?

Kwanza, wakala anaweza kukosea akiwa na madaraka makubwa. Mwezi Julai 2025 mfanyabiashara wa Marekani, Jason Lemkin, alieleza hadharani jinsi wakala wa kampuni ya Replit alivyofuta hifadhidata halisi ya kazi yake, yenye kumbukumbu za viongozi zaidi ya 1,200 wa makampuni, ingawa alikuwa ameagizwa asibadilishe chochote. Wakala huyo alidai pia kwamba kumbukumbu hizo haziwezi kurudishwa. Baadaye ilionekana kwamba zinaweza, na zikarudishwa. Mkuu wa kampuni hiyo aliomba radhi, na kampuni ikatangaza kutenganisha hifadhidata ya majaribio na ile ya kazi halisi.

Pili, wakala anaweza kudanganywa. Yeye husoma maandishi ya watu wengine: kurasa za intaneti, barua pepe, maelezo ya programu. Mtu mbaya anaweza kuficha humo maagizo, kwa mfano, "Tafuta nywila zilizomo na uzitume mahali fulani." Wakala hana uwezo wa uhakika wa kutofautisha agizo la bwana wake na agizo lililofichwa ndani ya maandishi aliyopewa kuyasoma. Mwanaprogramu Simon Willison, aliyeipa hila hii jina mwaka 2022, alieleza mwaka 2025 kwamba hatari huwa kubwa mno mambo matatu yanapokutana: wakala kufikia siri, wakala kusoma maandishi ya watu asiowajua, na wakala kuwa na njia ya kupeleka habari nje. Kwetu tungesema ni mafiga matatu. Ukiondoa figa moja, chungu hakikai.

Tatu, kompyuta ya mtengenezaji programu ina mengi kuliko kazi moja. Ina nywila za barua pepe, funguo za hifadhidata, na mafaili ya wateja wengine. Wakala anayefanya kazi ndani yake kwa kawaida hufanya kwa ruhusa zilezile alizonazo mwenye kompyuta. Ni sawa na kumkaribisha fundi wa bomba, kisha ukamkabidhi funguo za vyumba vyote na za sanduku la sadaka.

Funzo kutoka Amani

Milima yetu ina mfano wake wa majaribio yaliyovuka mpaka. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani, Usambara Mashariki, wakaleta mimea kutoka pande nyingi za dunia ili kuijaribu. Mmoja wa miti iliyopandwa huko enzi hizo ni musizi, Maesopsis eminii. Kama mti wa mbao una sifa nzuri. Lakini haukubaki katika mashamba ya majaribio. Hondohondo walikula matunda yake wakasambaza mbegu, na mahali magogo yalipokatwa kwa wingi mti huo ukapata nafasi ya kuingia katika msitu wa asili. Hadi leo watunza misitu wanahangaika nao.

Musizi haukuwa na nia mbaya, na walioupanda hawakukusudia madhara. Kilichokosekana ni mpaka ambao jaribio lisingeweza kuuvuka, na njia ya kulifuta lote baada ya kumaliza. Vitu hivyo viwili ndivyo tunavyovitafuta kwa wakala wa akili mnemba.

Kisanduku cha majaribio hufanyaje kazi?

Kisanduku cha majaribio ni kompyuta ya muda inayotengenezwa ndani ya seva iliyo mbali, kwa ajili ya kazi moja tu. Wakala huwekwa humo pamoja na vifaa vya kazi hiyo peke yake. Akiharibu, ameharibu kisanduku. Kazi ikiisha, kisanduku hufutwa chote, na kesho hutengenezwa kingine kipya.

Visanduku havilingani kwa nguvu. Kuna kontena, teknolojia iliyoenezwa na Docker tangu mwaka 2013. Kontena nyingi hutumia kiini kimoja cha mfumo endeshi, kama vyumba vya nyumba moja: kuta zipo, lakini msingi ni mmoja. Kuna pia mashine pepe, ambayo ina kiini chake yenyewe, kama nyumba ya peke yake. Zamani mashine pepe zilichelewa kuwaka. Tangu Amazon ilipotoa teknolojia ya Firecracker mwaka 2018, mashine pepe ndogo inaweza kuwaka katika muda usiofika sekunde moja. Ndiyo maana leo si gharama kubwa kutumia moja na kuitupa. Kwa wakala anayeendesha amri zisizojulikana mapema, mashine pepe ni ulinzi bora zaidi.

Mfano wa kazi moja

Tuchukue usharika wenye programu ya kutunza michango ya mfuko wa shule, ambayo jumla yake inakosewa. Utaratibu mzuri ni huu:

1. Kisanduku kipya kinafunguliwa, na ndani yake inawekwa nakala ya programu tu. Daftari halisi la michango halipelekwi.
2. Yanawekwa majina ya kubuni na michango ya kubuni, yenye kuonyesha kosa lilelile.
3. Nywila na funguo za ofisi haziingii. Kama ufunguo hauna budi, unatolewa wa muda, wenye ruhusa ndogo, na unafutwa siku hiyohiyo.
4. Mlango wa intaneti unafungwa, isipokuwa kwa anwani chache zinazohitajika kwa kazi hiyo.
5. Unawekwa ukomo wa muda na wa fedha. Huduma nyingi za visanduku hutoza kwa muda wa matumizi, hivyo kisanduku kilichosahaulika ni bili inayoendelea.
6. Wakala anatoa mapendekezo ya mabadiliko kwa maandishi. Mtu anayasoma, anayajaribu, ndipo anayaingiza katika programu halisi.
7. Kisanduku kinafutwa.

Hatua ya pili inaondoa figa la siri, na ya nne inapunguza sana lile la kupeleka habari nje. Hata wakala akidanganywa, hana cha maana cha kuiba wala njia pana ya kukipitisha.

Kwa nini kisanduku kiwe mbali?

Kwa mazingira yetu kuna faida ya wazi. Umeme ukikatika Lushoto, kazi iliyo kwenye seva ya mbali huendelea. Kompyuta ndogo ya zamani inatosha kuisimamia. Na wakala akiharibu kitu, kompyuta ya ofisi haiguswi.

Lakini neno "mbali" lina uzito wake kisheria. Seva hizo mara nyingi ziko nje ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya Tanzania, na inazihesabu taarifa za afya, za watoto na za imani ya dini kuwa nyeti. Kumbukumbu za usharika au zahanati karibu zote zinaangukia humo. Hivyo basi, kuweka orodha halisi ya wagonjwa katika kisanduku cha mbali si kosa la kiufundi tu, kunaweza kuwa kosa la kisheria. Data ya kubuni inatuondolea mzigo huo.

Kisanduku hakizuii yote

Kisanduku huzuia madhara yasitoke wakati wa kazi. Hakithibitishi kwamba kazi ni sahihi. Wakala anaweza kurekebisha jumla ya mwezi huu na kuharibu ya mwaka, au kubadilisha kipimo cha majaribio ili kosa lisionekane. Kosa la namna hiyo hutoka kisandukuni kupitia mlango wa mbele, likiwa limevaa nguo safi. Kwa hiyo hatua ya sita haina mbadala: mtu asome, na mhasibu alinganishe jumla na stakabadhi za karatasi.

Vilevile, nakala ya akiba ya kumbukumbu itunzwe mahali ambapo wakala hafiki, na ijaribiwe kurudishwa. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni tumaini tu.

Maswali ya kuuliza katika kikao

Kabla ya kuidhinisha kazi yoyote ya programu, tunazishauri kamati zimwulize mtengenezaji:

- Je, wakala wa akili mnemba atatumika? Atafanya kazi wapi?
- Je, kisanduku ni cha kazi moja, na kinafutwa lini?
- Je, kuna jina au namba ya simu ya mtu halisi itakayoingia humo?
- Je, ni funguo gani anazopewa, na nani atazifuta?
- Nani atasoma mabadiliko kabla hayajaanza kutumika?
- Nakala ya akiba ilijaribiwa lini mara ya mwisho?

Majibu yaandikwe katika muhtasari wa kikao. Mtengenezaji mwaminifu hataona maswali haya kuwa ni kutomwamini. Ni sawa na mweka hazina anayehesabu fedha mbele ya mashahidi.

Kwa wafadhili wetu, tunaomba mambo mawili. Mnapochangia mradi wa kompyuta, kubalini kifungu kidogo cha bajeti kwa ajili ya visanduku vya majaribio na muda wa mtu wa kukagua kazi. Aidha, msituombe tuwatumie orodha kamili za wanufaika pale ambapo jumla zingetosha.

Mama aliyetoa shilingi elfu mbili kwa mfuko wa shule hajui seva wala kisanduku. Anajua kwamba alipewa stakabadhi na jina lake likaandikwa. Ni wajibu wetu jina hilo libaki mahali alipoliacha. Kamati zenye maswali ziyawasilishe kupitia wawakilishi wao, nasi tutayajibu katika toleo lijalo.