Kuilenga Protini ya HER2: Tiba ya Saratani na Lugha ya Kuielezea

Neno saratani lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni kaa, yule mnyama wa pwani. Jina hilo lasadifu, kwani ugonjwa huu huweza kutambaa mbali na ulipoanzia. Makala hii inakusudia kueleza njia mojawapo ya kuuzuia: kuilenga protini inayousaidia kukua na kuenea.

Juu ya utando wa seli za matiti mna protini iitwayo HER2, ambayo huiamuru seli ikue na kugawanyika. Katika takribani saratani 15 hadi 20 kwa kila 100 za matiti, protini hii huzidi mno. Amri ya kukua haikomi, na ugonjwa huwa mwepesi wa kuenea hadi kwenye mifupa, ini, mapafu au ubongo.

Trastuzumabu, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, ni kingamwili iliyotengenezwa maabarani. Hujibandika kwenye HER2, ikaizuia amri hiyo na kuziita chembe za kinga ziishambulie seli. Hata hivyo, yaweza kudhoofisha moyo. Hivyo basi moyo hupimwa kabla ya matibabu na yakiendelea.

Nchini Kenya, bei ilikuwa kizuizi kikubwa. Mwaka 2025, Wizara ya Afya, Mamlaka ya Afya ya Jamii na kampuni ya Roche ziliafikiana kuiteremsha kutoka takribani shilingi 120,000 kwa dozi hadi 40,000, zinazolipwa na Mamlaka hiyo.

Je, mgonjwa wa Isiolo atafaidikaje? Kwanza, sharti kipande cha uvimbe wake kipimwe, kwani dawa haimfai ambaye HER2 yake haijazidi. Pili, dawa hutolewa aghalabu kila baada ya wiki tatu kwa mwaka mzima. Akitibiwa Nairobi, takribani kilomita 280 kutoka kwao, nauli na malazi humkabili kila mara.

Tatu ni lugha. Isiolo ni mji wa Waborana, Wameru, Wasomali, Waturkana na Wasamburu, na Kiswahili ndicho kiwakutanishacho. Mgonjwa akiambiwa tu kuwa kipimo chake ni “chanya”, neno lililozoeleka katika vipimo vya UKIMWI, aweza kuelewa jambo jingine kabisa. Afadhali aambiwe: “Protini ya HER2 imezidi katika uvimbe wako, na ipo dawa inayoilenga.” Kauli kama hiyo ni kazi ya mwanaisimu sawa na ya daktari. Istilahi isiyoeleweka na mgonjwa haijakamilika, hata ikiwa imeingizwa kamusini.