Mchezo Halisi na Ubingwa wa Dunia

Mashindano yoyote huzua maswali mawili ambayo aghalabu huchanganywa. La kwanza ni kama shughuli yenyewe ni mchezo. La pili ni kama mshindi wake anastahili kuitwa bingwa wa dunia. Kila swali lina mizani yake, na shindano linaweza kufaulu katika moja na kutofikia jingine. Kaunti ya Kajiado na bonde la Kedong zinatoa mifano mizuri ya yote mawili. Karibu na Kimana, kusini mwa kaunti, morani, yaani vijana mashujaa wa Kimaasai, hushindana kukimbia, kuruka na kurusha rungu. Upande wa pili, bonde linalopita kati ya milima ya Longonot na Suswa na miteremko inayopakana na Ewuaso Kedong limeupa jina mkondo mmoja mashuhuri wa mbio za magari za Safari Rally.

Mchezo hutambulika kwa mambo manne. Pawepo ushindani unaoongozwa na kanuni zinazojulikana kabla ya kuanza. Ustadi, nguvu au akili ya mshindani iamue matokeo kuliko bahati. Matokeo yapimwe, au yatolewe na mwamuzi asiyeegemea upande. Mwisho, mchezo usijengwe juu ya kumdhuru kiumbe hai. Kwa mizani hii sataranji ni mchezo: shirikisho lake la dunia, FIDE, liliundwa 1924 na kutambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 1999, ingawa wachezaji huketi tu mezani. Bahati nasibu si mchezo hata ikiwa na washiriki milioni. Mapigano ya mafahali ya Kakamega huvuta umati mkubwa na yana nafasi yake katika utamaduni, lakini sharti la nne huyawekea kizuizi.

Sharti hilo ndilo lililozaa mashindano ya Kimana. Zamani morani wa Kimaasai alijipatia sifa kwa olamayio, yaani kuwinda simba. Simba walipopungua, wazee wanaowalea morani walishirikiana na shirika la uhifadhi la Big Life kutafuta njia nyingine ya kupima ushujaa. Mwaka 2012 yakafanyika mashindano ya kwanza ya Olimpiki ya Wamaasai. Wanaume hushindana mbio za mita 200, 800 na 5,000, kurusha mkuki, kurusha rungu na kuruka juu. Wasichana nao wana mbio zao. David Rudisha, Mmaasai kutoka Kilgoris aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 kwa dakika 1:40.91 jijini London mwaka huohuo, amekuwa mlezi wa mashindano hayo.

Fani ya kuruka juu inaonyesha vizuri jinsi kanuni zinavyougeuza utamaduni kuwa mchezo. Katika ngoma, morani huruka wima kwa miguu yote miwili, na watazamaji huamua kwa macho nani amewazidi wenzake. Kimana, kamba hufungwa juu na kupandishwa hatua kwa hatua. Anayeruka hutakiwa kuigusa kwa kichwa. Ubishi unakwisha, kwa kuwa ama kamba imeguswa au haikuguswa. Hata hivyo, kipimo hicho hakiwezi kulinganishwa na kile cha uwanja wa Olimpiki, kwa sababu kanuni ya riadha ya kimataifa inamtaka mrukaji ajirushe kwa mguu mmoja na apite juu ya ufito bila kuuangusha. Morani bora kabisa, akiruka kwa mtindo wake, angehesabiwa amekosea. Hakuna aliye chini ya mwenzake hapa. Ni michezo miwili yenye kanuni mbili.

Ulinganifu wa kanuni ndio unaofungua mlango wa swali la pili. Cheo cha dunia hudai kwamba kilichofanyika mahali pamoja kiweze kupimwa sambamba na kilichofanyika kwingine. Julius Yego alipotwaa ubingwa wa dunia wa mkuki Beijing mwaka 2015 kwa mita 92.72, mkuki wake ulitimiza vipimo vilevile vinavyotumika kila nchi, ikiwemo uzito usiopungua gramu 800. Eliud Kipchoge alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40 jijini Vienna mwaka 2019, lakini muda huo haukuandikwa kuwa rekodi ya dunia. Wakimbiaji wa kumsaidia walipokezana njiani na hazikuwa mbio za wazi kwa washindani wengine. Uwezo wake haukutiliwa shaka. Masharti ndiyo yaliyokuwa tofauti.

Sharti jingine ni mlango ulio wazi. Mashindano hayawi ya dunia kwa kuitwa hivyo ikiwa sehemu ya dunia imefungiwa nje. Kandanda ilijifunza hilo kwa uchungu. Kwa Kombe la Dunia la 1966, FIFA iliziachia Afrika, Asia na Oceania nafasi moja tu kati ya 16, na Afrika ikasusia. Ndipo bara likahakikishiwa nafasi yake, na Morocco ikacheza fainali za 1970. Kwa fainali za 2026, zenye timu 48, Afrika imetengewa nafasi 9 za moja kwa moja. Kombe liliendelea kuitwa la dunia miaka yote hiyo, ila kadiri mlango ulivyopanuka ndivyo jina lilivyozidi kuwa la kweli.

Safari Rally inafundisha sharti la tatu: mamlaka inayotambuliwa na wote. Mashindano hayo yalianza 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Miaka 20 baadaye, ubingwa wa dunia wa mbio hizo za magari ulipoanzishwa, Safari iliingizwa katika kalenda ya kwanza. Hiyo 1973, Shekhar Mehta wa Kenya na Harry Källström wa Sweden, wote wakiendesha Datsun, walimaliza wakiwa na pointi sawa za adhabu. Kanuni zilikuwa na jibu tayari: mshindi ni yule aliyeenda mbali zaidi kabla ya adhabu yake ya kwanza. Ushindi ukawa wa Mehta, bila kurusha shilingi.

Baada ya mashindano ya 2002, aliyoshinda Colin McRae, Safari iliondolewa katika kalenda ya dunia kwa matatizo ya fedha na maandalizi. Haikufa. Iliendelea katika ubingwa wa Afrika, kwenye vumbi na mawe yaleyale, hadi iliporudishwa 2021 na Sébastien Ogier akashinda. Katika miaka hiyo ya kati ilikuwa mchezo kamili, ila matokeo yake hayakuhesabiwa pamoja na ya Monte Carlo au Finland. Ili irudi ilibidi ifuate masharti ya wote. Zamani magari yalikimbia maelfu ya kilomita kwenye barabara zilizo wazi kwa umma, helikopta zikitangulia kutahadharisha. Sasa mikondo hufungwa na muda huhesabiwa hadi sehemu ya kumi ya sekunde.

Mkondo wa Kedong, upande wa Naivasha, ulikuwa na zaidi ya kilomita 30 mwaka 2021, na unaonyesha kwamba kanuni moja haifuti tabia ya mahali. Udongo wake wa volkano husagika kuwa vumbi jepesi linaloficha mawe na kumeza magurudumu. Magari hufungwa bomba la kuvutia hewa lililopandishwa kando ya kioo cha mbele, ili injini isivute vumbi wala maji ya madimbwi ya njiani. Dereva na mwelekezi wake hupambana na mazingira yasiyopatikana Ulaya, lakini pointi wanazopata zina thamani ileile.

Kwa hiyo, anayesikia shindano likitangazwa kuwa la dunia na apime mambo matatu: kama kanuni zake ni zilezile kila mahali, kama kila nchi ina njia ya kufuzu, na kama kuna chombo ambacho washindani wote wanakubali uamuzi wake. Likikosa hayo, jina la dunia ni tangazo tu. Lakini kukosa hadhi hiyo hakuliondolei shindano heshima ya mchezo. Mashindano ya Kimana si ubingwa wa dunia na hayadai kuwa hivyo. Yana kanuni, kipimo na mshindi anayejulikana, nayo humpa kijana sifa bila simba kuuawa. Huo ni mchezo halisi.