Gari au dereva? Mashabiki wa langalanga na mizani ya haki

Tarehe 30 Novemba 2025, mbio za magari ya langalanga za Qatar zikiwa zinaelekea ukingoni katika uwanja wa Losail, kijana wa Kiitaliano mwenye umri wa miaka 19, Kimi Antonelli wa timu ya Mercedes, alishindwa kulidhibiti gari lake kwa muda mfupi na likatoka nje ya njia. Lando Norris wa McLaren, aliyekuwa nyuma yake, akampita na kumaliza wa nne badala ya wa tano.

Tofauti ya nafasi hizo ni pointi 2 tu. Lakini Norris alikuwa akiwania ubingwa wa dunia dhidi ya Max Verstappen wa Red Bull, na baadhi ya mashabiki hawakusubiri ushahidi. Walisema kijana yule amefungua njia makusudi, wakammiminia matusi na vitisho vya kuuawa kwenye mitandao. Watu wa Red Bull wenyewe walikuwa wametoa kauli za kumshuku mara tu baada ya mbio. Kesho yake timu hiyo ikatoa taarifa ya kujirekebisha, ikisema kwamba picha za marudio zinaonyesha gari lilimponyoka kidogo. Wiki moja baadaye huko Abu Dhabi, Norris alitwaa ubingwa kwa pointi 423 dhidi ya 421 za Verstappen.

Kisa hiki, wapenzi wasomaji, ndicho kinachotufanya leo tuulize: sisi tunaotazama mbio hizi, tunawahukumu madereva kwa mizani gani?

Swali hili haliko mbali nasi. Katika msimu wa 2025, mashindano 4 kati ya 24 yalifanyika Ghuba, wanakoishi wazungumzaji wengi wa Kiswahili. Na Rwanda ilitangaza Desemba 2024 kwamba inataka kuurudisha mchezo huu barani Afrika, ambako haujachezwa tangu Afrika Kusini ilipouandaa mwaka 1993.

Mtu yule yule, magari mawili

Katika soka mchezaji huingia uwanjani na miguu yake, na mpira ni mmoja kwa wote. Katika langalanga kila timu hujiundia gari lake, na hapo ndipo hukumu inapoanza kuwa ngumu.

Mfano mzuri ulitokea Bahrain mwezi Desemba 2020. Lewis Hamilton alikuwa ameugua korona, na Mercedes ikamwazima George Russell kutoka timu dhaifu ya Williams. Hadi siku ile Russell alikuwa hajapata hata pointi moja katika langalanga. Alipokaa katika gari la Hamilton alishika nafasi ya pili katika kupanga nafasi za kuanzia, akaachwa na Valtteri Bottas, mwenyeji wa timu, kwa chini ya sehemu 3 kati ya 100 za sekunde. Kisha akaongoza sehemu kubwa ya mbio, mpaka mafundi wake walipochanganya matairi na baadaye tairi moja likapata pancha. Alimaliza wa tisa.

Mashabiki waligawanyika papo hapo. Wasiompenda Hamilton walisema: mnaona, ni gari tu! Wanaompenda walisema Russell ni kipaji kilichofichwa na gari bovu. Ukweli ni kwamba mambo yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Na atakayesoma jedwali la matokeo peke yake ataona "wa tisa", asijue lolote kati ya hayo.

Kipimo cha mwenzake

Wajuzi wa mchezo huu hutumia kipimo kimoja kuliko vingine: kumlinganisha dereva na mwenzake wa timu, kwa kuwa wawili hao hupewa magari yanayofanana. Mwaka 2023 Verstappen alishinda mbio 19 kati ya 22. Mwenzake Sergio Pérez alishinda 2, na mwisho wa msimu alikuwa na pointi 285 dhidi ya 575. Kama ingekuwa gari tu, Pérez naye angekuwa jirani.

Hata hivyo kipimo hiki nacho kinataka uangalifu. Kwa misimu mitatu, kuanzia 2010 hadi 2012, Hamilton na Jenson Button walikuwa pamoja McLaren. Ukijumlisha pointi, Button alipata 672 na Hamilton 657. Ukihesabu ushindi, Hamilton alishinda mbio 10 na Button 8. Nani alikuwa bora? Kabla ya kujibu, kumbuka kwamba mwaka 2012 Hamilton alikuwa akiongoza Singapore giaboksi ikaharibika, na akiongoza Abu Dhabi gari likamzimikia. Dereva hawezi kulaumiwa kwa chuma kilichovunjika, wala mwenzake hawezi kunyimwa sifa kwa kufika mwisho salama.

Mkuki kwa nguruwe

Kuna jambo jingine ambalo takwimu hazilionyeshi. Hamilton ni dereva mweusi wa kwanza katika historia ya langalanga, na si mara zote amehukumiwa kwa kazi yake. Mwezi Februari 2008, wakati wa majaribio ya magari Barcelona, watazamaji walijipaka rangi nyeusi usoni na kuvaa nywele bandia ili kumdhihaki. Julai 2021, baada ya kugongana na Verstappen huko Silverstone, alitukanwa mitandaoni kwa rangi yake. Wasimamizi walikwisha kumwadhibu kwa sekunde 10. Hiyo ndiyo iliyokuwa hukumu ya mchezo. Yaliyofuata hayakuwa mchezo tena.

Kwa hiyo si ajabu kwamba Waafrika wengi, nyumbani na ughaibuni, humtetea kama ndugu. Lakini haki haina upande. Mwaka 2025, msimu wake wa kwanza Ferrari, Hamilton alishinda mbio fupi za Shanghai, lakini hakupanda jukwaani katika mashindano makuu hata mara moja. Mwenzake Charles Leclerc alimaliza na pointi 242, yeye 156. Huko Hungary Leclerc alianza wa kwanza, Hamilton wa 12. Anayesema kwamba ubingwa wa 2020 ulikuwa kipaji kitupu na unyonge wa 2025 ni gari tupu, amebadilisha mizani katikati ya soko. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Kukosoa si kutukana

Kumkosoa dereva ni haki ya shabiki. Ndiyo raha yenyewe ya mchezo, na madereva wanalipwa vizuri kuyavumilia. Lakini kuna mpaka. Desemba 2021, Abu Dhabi, dereva wa Kanada Nicholas Latifi aligonga ukuta zikiwa zimebaki duru chache. Gari la usalama likaingia, uongozi wa mbio ukafanya maamuzi yaliyozua mzozo mkubwa, na Hamilton akapoteza ubingwa katika duru ya mwisho. Mwezi Machi 2022 shirikisho la mchezo huo, FIA, lilisema katika ripoti yake kwamba kulikuwa na kosa la kibinadamu katika kuendesha taratibu za gari la usalama. Lakini Latifi, ambaye kosa lake lilikuwa la kawaida kabisa kwa dereva anayepigania nafasi za nyuma, alikuwa amekwisha kutishiwa kuuawa.

Latifi mwaka 2021, Antonelli mwaka 2025. Mmoja aliwaudhi mashabiki wa Hamilton, mwingine wale wa Verstappen, na matusi yalifanana. Hakuna kambi yenye usafi hapa.

Tunadhani shabiki mwadilifu ni yule anayejiuliza maswali machache kabla ya kuandika neno: gari lake lilikuwa na uwezo gani? Mwenzake alifanya nini siku hiyo? Kosa ni la nani, dereva, mafundi au wasimamizi? Na lingekuwa la dereva nimpendaye, ningesema hivi hivi?

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Dereva naye, hata yule tusiyempenda, anastahili kiasi hicho.